Mbegu na Mbolea Zilifaazo Shamba la Mahindi

Mahindi ndiyo chakula kikuu cha watu wengi katika Kenya, na wengi wayapandao wana ekari chache tu. Fedha wanazotoa kununua mbegu na mbolea huwa ni zile zile za karo na mavazi. Kwa hiyo yafaa mkulima achague kwa hesabu: kwanza mbegu, kisha mbolea.

MBEGU HUFUATA MAHALI

Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara H611, iliyopatikana kwa kuunganisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Ndugu yake, H614, hufaa nchi za juu kama Trans Nzoia, ambako mvua hudumu, kwani huchukua miezi 5 hadi 7 kukomaa. Nchi za wastani hufaa H513, ikomaayo kwa miezi 4 hadi 5. Katika sehemu kavu za Ukambani hufaa Katumani, ya miezi 3 hadi 4. Na Pwani ina mbegu zake, kama PH4.

Mtu wa nchi kavu akipanda H614 kwa kuvutiwa na urefu wa mabua yake, mvua itakatika kabla punje hazijajaa. Hapo mbolea haitamwokoa. Tena, mbegu chotara hununuliwa kila msimu, maana ikirudiwa mavuno hupungua. Katumani si chotara; mkulima aweza kuchagua magunzi mazuri na kuyapanda kwa misimu michache.

KIPIMO CHA MBOLEA

Palipo na mvua ya kutosha, kipimo cha kawaida kwa ekari ni gunia moja la DAP la kilo 50 wakati wa kupanda, na gunia moja la CAN baadaye. Mistari ikiachana sentimita 75, na mashimo sentimita 50, kila shimo mbegu mbili, ekari huwa na mashimo karibu 10,800. Gunia likigawanywa, kila shimo hupata gramu 4 na nusu hivi, yaani kama kizibo kimoja cha soda. Atiaye kwa kukisia huishiwa kabla ya kufika mwisho wa shamba. Mbolea ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya kutia mbegu, isije ikaiunguza.

CAN hutiwa mahindi yafikapo magotini, palizi ikiwa imekwisha na udongo una unyevu. Mvua ikigoma, mkulima asiitie. Fedha hiyo bado i mkononi mwake. Palipo na mvua haba, ni busara kuanza kwa nusu ya kipimo pamoja na samadi.

Mwisho, DAP ikitumiwa miaka mingi huongeza asidi ya udongo, na mahindi hudumaa ijapokuwa mbolea ni nyingi. Dawa yake ni chokaa. Basi, kabla ya mvua kuanza, mkulima na amwendee bwana shamba, aulizie namna ya kupimiwa udongo wake.