Kijana Atafutaye Haki na Wenziwe

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mas'ala ya darsa yetu ni haya. Kijana wa Kiislamu wa miaka kumi na tano au kumi na sita akianza kusoma vitabu vya Ukomunisti, na akapata wenziwe wa kuzungumza nao mambo hayo, ni lipi liwapasalo wazazi na walimu wake? Wengi wetu jawabu yao ni moja: kumgombeza, kumwita kafiri, na kumfukuza barazani. Sisi twaona ya kuwa jawabu hiyo haitoshi, na mara nyingi ndiyo imzidishiayo mbio katika njia aliyoishika. Kabla ya kumhukumu, yafaa kwanza tujue atafuta nini.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja ambaye khabari zake zajulikana, kwani aliziandika mwenyewe uzeeni. Eric Hobsbawm alizaliwa Iskandaria, katika nchi ya Misri, mwaka 1917, kwa wazazi wa Kiyahudi, akalelewa Vienna. Baba yake alikufa mwaka 1929, na mama yake akafuata mwaka 1931. Yatima huyu, naye ana miaka kumi na minne, akachukuliwa na ami yake, wakakaa Berlin. Mwaka 1932 watu wasio na kazi Ujerumani walikuwa kiasi cha milioni 6, na wafuasi wa Hitler walikuwa wakipigana na wapinzani wao mabarabarani. Kijana akaitazama dunia akaiona yabomoka, akasema skuli kwamba yeye ni mkomunisti.

Mwalimu wake alimuuliza maswali machache, akaona hajui asemalo, akamwambia aende maktabani akatafute. Basi akaenda, akakikuta kile kitabu kidogo cha Marx na Engels kilichotolewa mwaka 1848. Mwaka huo huo wa 1932 akaingia katika chama cha wanafunzi wa skuli wenye fikira hizo. Tarehe 25 Januari 1933 alitembea kwa saa nyingi katika baridi kali, pamoja na maelfu ya watu, katika maandamano ya mwisho ya wakomunisti wa Berlin kabla ya Hitler kushika serikali siku tano baadaye. Kisha mashine ya kupigia chapa karatasi za wanafunzi wale ikafichwa chini ya kitanda chake.

Sasa, ewe msomaji, zingatia. Kijana yule alipata mambo mawili. Kwanza, alipata maelezo ya sababu ya umaskini wa maskini. Pili, alipata wenziwe waliomwamini hata wakamwekesha amana ya hatari. Aliyefiwa na baba na mama alipata jamaa. Je, mambo haya mawili ni maovu? La, hasha! Kutaka haki ni katika dini yetu. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Hashr kwamba mali isiwe ni yenye kuzunguka baina ya matajiri peke yao, na katika Suratul Maun amemtaja amsukumaye yatima kuwa ndiye aikadhibishaye dini. Na kutaka jamaa pia ni katika dini, kwani sala yetu yenyewe hupata fadhila zaidi ikisaliwa kwa jamaa. Basi alichokitafuta kilikuwa cha haki. Mahali alipokitafutia ndipo penye msiba.

Msiba huo ni upi? Ukomunisti humkana Muumba, na amkanaye Muumba hana mizani ya kupimia damu ya kiumbe. Mwezi wa Februari 1956 Khrushchev, mkuu wa Urusi ya Kisovieti, aliwaeleza wenziwe wa chama maovu ya Stalin, na Novemba mwaka huo majeshi yake yakawaponda watu wa Hungaria. Maelfu wa wanachama wa Uingereza wakatoka. Hobsbawm akabaki, hata karibu na kuvunjwa kwa chama chenyewe mwaka 1991. Mwenyewe alieleza kuwa kilichomfunga ni yale matumaini aliyoyashika Berlin ujanani mwake. Mwaka 1994 aliulizwa katika televisheni kama kufa kwa mamilioni ya watu kungalikuwa na haki lau ule ulimwengu mwema ungalipatikana. Akajibu kuwa ndiyo. Nasi twajua kutoka Suratul Maida kwamba auaye nafsi moja pasipo haki ni kama aliyewaua watu wote.

Na Waislamu hawakusalimika. Sultan-Galiev, Mtatari mwana wa mwalimu, alijiunga na chama hicho mwaka 1917 akitaraji kuwa Waislamu watakombolewa. Alikamatwa mwaka 1923, na mwaka 1940 akapigwa risasi. Mwaka 1944 Wachecheni, na baadaye Watatari wa Crimea, walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao, wanawake na watoto pia, na wengi wakafa. Hawa ni ndugu zetu wa Kibla kimoja.

Wala msidhani ya kuwa mambo haya ni ya mbali. Katika pwani yetu hii, Abdulrahman Babu alitoka chama cha Hizbu Unguja mwaka 1963 akaunda chama cha Umma, na vijana wa nyumba za Kiislamu wakamfuata. Hao walisoma vyuoni kama watoto wetu wasomavyo. Alifu na be walizijua. Waliloliona limepungua ni haki baina ya watu.

Liwapasalo wazazi na walimu, basi, ni mambo matatu.

La kwanza ni kumsikiliza. Kijana mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamwomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamkaribisha, akamketisha, akamuuliza kama angaliridhia jambo hilo kwa mama yake, na binti yake, na dada yake. Kisha akaweka mkono juu yake akamwombea. Ikiwa aombaye zina aliketishwa, vipi afukuzwe aulizaye kwa nini jirani yake analala na njaa?

La pili ni kujua. Mwalimu asiyekijua kitabu hawezi kukijibu. Na asome pamoja na kijana, akubali lililo kweli, akatae lililo batili, na abainishe sababu. Mwenyezi Mungu ametukataza tusiache uadilifu hata kwa watu tunaowachukia.

La tatu, nalo ni zito zaidi, ni kutenda. Tajiri anayekalia robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza nisabu na mwaka, na amcheleweshaye kibarua wake hali Mtume ameamuru alipwe kabla jasho halijakauka, huyo amhubiria mwanawe Ukomunisti kila siku bila ya kufungua kinywa. Mtoto huona. Akiona baba yu katika safu ya kwanza msikitini na mtumishi wa nyumbani analia jikoni, hatahitaji Marx kumwambia kuwa pana uongo.

Ndugu zangu, alishikalo mtu akiwa na miaka kumi na tano laweza kukaa naye miaka sitini. Kijana atafutaye haki na wenziwe hana budi atavipata. Tujitahidi avipate kwetu, katika misikiti yetu na madarasa yetu, kabla hajabisha mlango mwengine.

Ewe Mola wetu, waongoze watoto wetu, na utufanye sisi tuwe watu wa kufuatwa katika uadilifu. Amin. Wabillahi tawfiq.