SOMO LA MWEZI: JUA LIKIISHA KUCHA
Somo: Kutoka 22:2-3, Hesabu 35:9-12, Waefeso 4:28



Mwezi huu twasoma sheria ndogo ambayo wengi huipita haraka. Musa aliwafundisha Waisraeli kwamba mwizi akikutwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekucha, aliyeua ana hatia. Mwizi atalipa alichoiba, hatauawa.

Kwa nini Mungu alitofautisha usiku na mchana? Usiku mwenye nyumba haoni. Hajui kama aliyeingia ametaka mbuzi au ametaka roho yake. Kukicha anamwona, anaweza kumtambua na kuwaita majirani. Basi neno kubwa hapa si saa, ni kuona na kujua.

Tutazame jambo lililotukia katika mji wa Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Kijana wa miaka 17 kutoka Hamburg, Ujerumani, alikuwa huko kwa masomo. Vijana wa huko walikuwa na mchezo mbaya wa kuingia usiku katika mabanda ya magari ya watu, kutafuta vinywaji. Usiku wa tarehe 27 Aprili 2014 kijana huyo aliingia katika banda moja. Hakuwa na silaha. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameibiwa kabla ya hapo, alitoka na bunduki, akapiga mara nne gizani. Kijana akafa.

Mahakamani mtu yule alisema alijilinda, na sheria ya Montana humruhusu mtu kuilinda nyumba yake. Lakini ilionekana kwamba aliuacha mlango wa banda wazi kidogo, akaweka mkoba kama chambo, na vyombo vya kumjulisha mtu akiingia. Mashahidi walieleza kuwa siku chache kabla alisema anakesha akingoja kuwapiga vijana hao. Desemba 2014 alionekana ana hatia ya kuua kwa kukusudia, na Februari 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 70.

Ilikuwa usiku, ndiyo. Lakini kwa mtu aliyetega na kungojea, jua lilikuwa limekwisha kucha.

Tujifunze mambo matatu:

1. Kosa la kijana lilikuwa kosa. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Wazazi wa Gwarama, mnapowapeleka watoto kusoma mbali, wafundisheni kupiga hodi na kungoja kuitikiwa. Waonyeni pia juu ya michezo ya wenzao, maana mgeni hajui hatari ya mahali.

2. Kujilinda ni halali, kulipiza si halali. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu humpa mtu haki ya kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kadiri tu.

3. Sisi hatuna bunduki, lakini tuna fimbo na mawe. Yowe la mwizi likipigwa, twakimbilia wote, na ni vyema. Lakini mwizi akiisha kukamatwa na kufungwa kamba, jua limekucha kwake. Kila pigo baada ya hapo ni damu juu yetu, hata kama wapigaji ni mia. Na tuzidi kujihadhari akiwa ni mgeni. Nchi yetu ya Buha imepokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972. Mtu asiye na ndugu wa kumsemea hushukiwa upesi na kupigwa upesi. Miji ya makimbilio iliwekwa kwa ajili ya Mwisraeli na mgeni pia.

Paulo hakuagiza mwizi auawe. Aliagiza aache kuiba, afanye kazi, apate cha kumpa mhitaji. Maiti haiwezi kutubu wala kulima.

Maswali ya kuzungumza:
(a) Yowe likipigwa usiku huu, nani kati yetu atasema, "Basi, inatosha"?
(b) Tumfanyie nini aliyeiba kwa njaa?

Tuombe: Ee Bwana, utulinde usiku, na uilinde mikono yetu isimwage damu. Amina.