SOMO LA AFYA: Uso Uliopooza kwa Miaka Mingi Unaweza Kupata Mwendo Tena

Mtu aliyepooza upande mmoja wa uso hutambulika mara moja. Mdomo umevutwa upande mmoja, chai humtoka pembeni anapokunywa, na jicho moja halifumbi hata akilala. Wengi huacha kupigwa picha na hufunika mdomo kwa leso wanapocheka. Wengine huacha kuuza sokoni kwa kuchoka kukodolewa macho. Jirani husema ni upepo mbaya au kofi la jini, na miaka ikipita mgonjwa huambiwa azoee tu.

Somo la toleo hili linaeleza kwa nini uso hupooza, kwa nini muda ni muhimu, na upasuaji gani unaweza kurudisha mwendo hata baada ya miaka mingi.

Neva ya uso hufanya nini?

Kila upande wa uso una neva yake. Hutoka kwenye ubongo, hupita ndani ya mfupa karibu na sikio, kisha hugawanyika katika matawi makuu 5 yanayohudumia paji la uso, jicho, shavu, mdomo na shingo. Neva hiyo ndiyo hupeleka amri ya kufumba jicho, kutabasamu na kupiga mluzi.

Huweza kuharibika kwa sababu nyingi: ugonjwa wa Bell, ambao huanza ghafla neva inapovimba, maambukizi ya sikio yasiyotibiwa, jeraha la panga au ajali ya barabarani, uvimbe kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, au upasuaji wa kuuondoa. Watoto wengine huzaliwa na hali hiyo.

Katika kila watu 10 wanaopata ugonjwa wa Bell, takriban 7 hupona kabisa hata bila dawa. Dawa ya prednisolone, daktari akiianzisha ndani ya saa 72, huongeza idadi ya wanaopona. Upasuaji unaoelezwa hapa ni wa wale ambao uso haukurudi.

Kwa nini muda ni muhimu?

Neva ni kama mfereji, na misuli ya uso ni kama mimea shambani. Mfereji ukiziba kwa muda mfupi, mimea hunyauka lakini maji yakirudi huchangamka. Ukiziba kwa misimu mingi, mimea hukauka kabisa. Hapo kuzibua mfereji peke yake hakusaidii; ni lazima kupanda mche mpya na kuuletea maji.

Ndivyo ilivyo kwa uso. Misuli isiyopata amri ya neva hupungua polepole, na baada ya takriban mwaka 1 na nusu hadi miaka 2 huwa haiwezi kuamka tena. Mgonjwa akifika mapema, daktari anaweza kuunganisha neva iliyokatika au kuipa misuli ile ile neva nyingine. Akichelewa, njia haijafungwa, lakini atahitaji msuli mpya.

Msuli mpya hutoka wapi?

Njia inayotumika sana ni kuchukua kipande cha msuli mwembamba wa upande wa ndani wa paja, pamoja na mshipa wake wa damu na neva yake. Madaktari wa Japani walichapisha taarifa za upasuaji huu mwaka 1976. Msuli hushonwa kutoka pembe ya mdomo hadi karibu na sikio. Mishipa ya damu huunganishwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mgonjwa huendelea kutembea vizuri, kwa kuwa misuli mingine ya paja hufanya kazi hiyo.

Msuli huo unahitaji neva ya kuuamrisha. Kuna njia 2 kuu:

1. Neva ya upande mzima wa uso. Neva nyembamba huchukuliwa nyuma ya mguu na kupitishwa chini ya ngozi, kutoka shavu zima hadi shavu lililopooza. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, hivyo mgonjwa husubiri miezi kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, kabla ya upasuaji wa pili wa kuweka msuli. Faida yake ni kwamba pande zote mbili hutabasamu pamoja, bila kufikiria. Sehemu ya nje ya mguu ilikotolewa neva hubaki na ganzi.

2. Neva ya kutafuna. Upasuaji ni mmoja na mwendo huja mapema na kwa nguvu, mara nyingi baada ya miezi 3 au 4. Mwanzoni mgonjwa hutabasamu kwa kuuma meno. Akifanya mazoezi mbele ya kioo kila siku, wengi huweza kutabasamu bila kuuma.

Kwa wengine, hasa wasioweza kuvumilia upasuaji mrefu, daktari huvuta hadi kwenye mdomo msuli wa kutafuna ulio upande wa kichwa, juu ya sikio.

Jicho lisisahauliwe

Jicho lisilofumba hukauka, hupata kidonda na linaweza kupofuka. Kwa hiyo jicho hulindwa kwanza. Daktari anaweza kuweka kipande kidogo cha dhahabu au platini ndani ya kope la juu ili lishuke kwa uzito wake. Kabla ya hapo, mgonjwa hutumia matone mchana, dawa ya kupaka usiku, na plasta ya kufunga kope anapolala. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, afike hospitali siku hiyo hiyo.

Matarajio ya kweli

Upasuaji haurudishi uso wa zamani. Paji la uso kwa kawaida halisogei, na pande mbili hazilingani kabisa. Mshipa unaweza kuziba, au kidonda kikapata maambukizi. Lakini pembe ya mdomo huinuka, chakula hukaa mdomoni, na maneno hutamkika vizuri zaidi. Watoto pia hufanyiwa, kwa kawaida kuanzia umri wa kama miaka 5.

Mkazi afanye nini?

• Uso ukipinda ghafla, aende hospitali mara moja. Huenda ni kiharusi, hasa mkono ukilegea au maneno yakikwama.

• Ikiwa miezi 3 imepita bila mabadiliko, arudi kwa daktari na kuomba barua ya rufaa.

• Aliyepooza miaka mingi aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Atatumwa hospitali ya rufaa ya kaunti, kisha kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile katika hospitali ya rufaa ya kitaifa.

• Ajisajili na SHA kwa kupiga *147#, na aulize hospitali mapema ni gharama zipi zitalipwa.

• Abebe picha ya zamani na tarehe uso ulipopooza. Tarehe hiyo ndiyo humwongoza daktari kuchagua kati ya kuokoa msuli wa zamani na kupanda mpya.