Hofu ya Moyo na Udhaifu wa Unyumba kwa Vijana

Liko jambo ambalo vijana wengi hulificha hata kwa rafiki zao wa karibu, nalo ni kushindwa katika tendo la ndoa. Kijana aliyeoa karibuni huona mwili wake haumtii, akadhani ameishiwa nguvu za kiume au amerogwa. Mkewe naye hudhani hapendwi. Hivyo ndoa changa huyumba kwa ajili ya jambo ambalo mara nyingi chanzo chake chajulikana na tiba yake ipo. Basi yafaa tulieleze wazi, kwa maneno ya staha.

Kwanza, ieleweke kwamba uume husimama pale mishipa ya damu inapotanuka na kujaa damu, na jambo hilo huhitaji utulivu. Mtu akiingiwa na hofu, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, na mishipa hiyo hubana. Mwili haubagui baina ya hofu ya simba na hofu ya kuaibika mbele ya mke. Kwa mwanamke, hofu huweza kukausha ute wa uke, na pengine misuli hukaza bila yeye kutaka, tendo likawa maumivu matupu.

Pili, mwaka 1970 wataalamu wawili wa Marekani, William Masters na Virginia Johnson, walieleza kwamba mwenye hofu ya kushindwa huwa mtazamaji wa nafsi yake. Badala ya kuwa pamoja na mwenzake, hujipima: Je, leo nitaweza? Kule kujipima ndiko kunakomwangusha. Kushindwa kwa leo huzaa hofu ya kesho, na hofu ya kesho huzaa kushindwa kupya.

Tatu, uko ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito idumuyo majuma mawili au zaidi. Huondoa usingizi, hamu ya chakula, na hali kadhalika hamu ya unyumba. Pengine huzuni hutangulia. Pengine kushindwa ndiko kunakoileta. Kwa hiyo anayetibiwa moja katika hayo na aulizwe pia juu ya la pili.

Nne, baadhi ya dawa za sonona, kama vile fluoksetini, huweza kupunguza hamu au kuchelewesha kilele. Hata hivyo mgonjwa asiziache ghafla, bali amweleze daktari, ambaye aweza kubadili kipimo au dawa.

Sasa waweza kuuliza: Nitajuaje kama kiini ni fikra au ni mwili? Ikiwa uume husimama vema uamkapo alfajiri, lakini hulegea uwapo na mkeo, mara nyingi mwili ni mzima. Ikiwa hausimami wakati wowote, yapasa upimwe kisukari na shinikizo la damu. Katika hali zote mbili, daktari ndiye wa kuamua.

Wengi hukimbilia vidonge vya mitaani. Sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, husaidia mwendo wa damu, lakini haitibu huzuni wala haileti hamu. Tena ikichanganywa na dawa za moyo za jamii ya nitrati, huweza kushusha shinikizo la damu hata kuua.

Basi, ewe kijana, usibebe mzigo huu peke yako. Mweleze mwenzio kwa upole, naye asikucheke wala asikulaumu. Kwa muda liwekeni kando tendo lenyewe, mkabaki na mazungumzo na kugusana kwa mapenzi bila kudaiana chochote, mpaka hofu ipungue. Kisha nendeni kwa daktari nyote wawili. Na yule aliyefika hata kuona kwamba maisha yake hayana faida, asingoje kesho. Amwambie mtu leo hii, apelekwe hospitali. Aibu ya kusema ni ya saa moja tu, bali kunyamaza kumevunja nyumba nyingi zilizoweza kuokolewa.