Ini Likishindwa Ghafla: Vipimo vya Damu Vinasema Nini?
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Nyambureti

Ini la mtu aliyekuwa mzima linaweza kushindwa kazi ndani ya siku au wiki chache. Chanzo huwa virusi vya homa ya ini, parasetamoli iliyozidi kipimo, baadhi ya dawa, zikiwemo za mitishamba, au sumukuvu kwenye mahindi na karanga.

Daktari anapima nini?
- Kuganda kwa damu (INR): Ini hutengeneza protini za kugandisha damu. INR ya kawaida ni karibu 1. Ikifika 1.5 na mgonjwa amechanganyikiwa, maisha yako hatarini.
- Bilirubini: Ikipanda, macho huwa ya manjano.
- Kreatinini na laktati: Zikipanda, figo na mwili mzima vinaelemewa.
- Sukari: Ikishuka sana, mgonjwa hupoteza fahamu.
- ALT: Hutoka kwenye seli za ini zilizoumia. Ikishuka huku INR ikipanda, msifurahi: huenda seli zilizobaki ni chache.

Kwa nini vipimo hurudiwa?
Kipimo kimoja huonyesha hali ya saa ile tu. Vinavyofuata huonyesha kama ini linapona au linazidi kushindwa. Ndivyo daktari anavyojua mapema nani apewe rufaa kwenda hospitali ya Musoma au ya Bugando, Mwanza. Msikatae damu kutolewa tena.

Funzo la Kenya, 2004
Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yenye sumukuvu. Damu ya waliougua ilikuwa na alama nyingi zaidi za sumu hiyo kuliko ya majirani wazima, na virusi vya homa ya ini B vilionekana zaidi kwa waliougua.

Fanyeni haya
- Kausheni mahindi vizuri juu ya turubai. Yaliyoota kuvu msile wala msipikie pombe.
- Mpelekeni mtoto akapate chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ndani ya chanjo hiyo imo kinga ya homa ya ini B.
- Aliyezidisha parasetamoli awahishwe hospitali hata kama hajisikii vibaya. Dawa ya kuokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu azimeze.
- Macho ya manjano pamoja na kuchanganyikiwa, usingizi mzito au kutokwa damu: nendeni kituo cha afya saa hiyohiyo, usiku au mchana.
- Bebeni dawa zote alizotumia, za dukani na za mitishamba, na mseme kweli. Mtoa huduma anauliza ili aokoe maisha.