Daftari la Hisia Halina Mwalimu wa Kusahihisha

Nachingwea na Ruangwa, msimu wa korosho una hekaheka zake. Mzigo ukishauzwa mnadani kupitia chama cha msingi, mkulima husubiri malipo yaingie benki, huku ada ya mtoto na deni la dukani vikimsubiri yeye. Usingizi hupungua na maneno makali huwa mengi nyumbani. Ukiulizwa hali, unajibu “salama tu.” Daftari la hisia ni mahali pa kusema ukweli uliobaki.

Huhitaji kitu cha gharama. Chukua daftari la shule na kalamu, andika tarehe, kisha jibu maswali matatu: Najisikiaje? Kumetokea nini? Mwili unasemaje? Mistari miwili mitatu inatosha. Kwa mfano:

“Jumanne. Nina wasiwasi. Hela bado. Kichwa kinagonga, nimemfokea mdogo wangu bila sababu. Jioni nimekwenda kuangalia mpira, nikapata nafuu.”

Changanya Kiswahili na Kimwera, Kimakua au Kiyao upendavyo. Usijali herufi wala mwandiko. Asiyependa kuandika achore alama moja kwa siku nzuri na nyingine kwa siku nzito, au ajirekodi sauti kwenye simu. Ukiruka siku, au hata wiki, usijilaumu wala usijaribu kufidia. Anza na leo. Na kama mnaishi wengi chumba kimoja, andika kwa mafumbo au chana karatasi ukishamaliza.

Mwaka 1986, watafiti wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo walioandika kwa dakika 15 tu, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo, kuandika kidogo kunaweza kufaa, na machozi kukutoka si ajabu. Ila ukiona jambo linakulemea, funga daftari, tembea, ongea na mtu.

Mwisho wa mwezi, pitia kurasa zako. Huenda ukagundua kwamba hasira huja siku usizolala, au kwamba moyo hutulia ukishakaa na wenzako. Hapo ndipo utajua cha kupunguza na cha kuongeza.

Lakini daftari si dawa. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki mbili, nenda zahanati au kituo cha afya na ueleze; ukitaka, nenda na daftari lako. Mawazo ya kujidhuru yakija, usikae peke yako: mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mwenye shida, au mtu anayehofia usalama wa mtoto, apige simu namba 116 bila malipo. Usione haya kuomba msaada; afya ya akili ni afya.