Meza Iliyo Kompyuta

Wasomaji wengi wa gazeti hili walijifunza kompyuta kama nilivyojifunza mimi: wanafunzi wanne au watano juu ya benchi moja, skrini moja mbele yao, na kipanya kimoja. Aliyeshika kipanya ndiye mwenye amri. Aliye karibu naye huelekeza kwa kidole, na yule wa mwisho hutazama tu hata kengele ikalia. Si kosa la wanafunzi, wala la mwalimu. Kompyuta ya kawaida ilibuniwa kwa mtu mmoja aketiye peke yake, na sisi twaitumia kwa kazi isiyokusudiwa.

Nataka kueleza habari za kompyuta ya namna nyingine, iliyo katika umbo la meza, ambayo watu huizunguka na kuigusa wote kwa wakati mmoja. Na hasa nataka kuonyesha kwamba kuifanya meza itambue vidole hakukuwa ndiko kugumu zaidi. Kugumu zaidi ni kupanga jinsi watu wengi watakavyoitumia bila kudhulumiana.

Tuanze na mtambo wenyewe. Katika meza za kwanza, picha ilitupwa juu ya meza na projekta, kutoka juu au kutoka chini yake. Kutambua vidole kulifanywa kwa njia mbalimbali. Mwaka 2005 Jeff Han, huko New York, alieleza njia rahisi: bamba la plastiki angavu hupitishiwa mwanga wa infraredi kutoka ukingoni, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo hubaki ndani ya bamba, ukigonga huku na huku, mpaka kidole kiguse. Hapo palipoguswa mwanga huvuja kuelekea chini, na kamera iliyo chini huona doa jeupe. Vidole kumi, madoa kumi. Kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza meza yake mwaka 2007, yenye kamera tano ndani. Iliitwa Surface, lakini mwaka 2012 ilibadilishwa jina ikawa PixelSense, na lile jina la kwanza wakapewa vibao vya mkononi.

Walakini kamera ile huona kidole tu. Haijui ni kidole cha nani. Huenda mtu akadhani hilo ni jambo dogo. Fikiri basi: watu wanne wanachora ramani pamoja, na mmoja anagusa alama ya kufuta. Afute kazi yake au kazi ya wote? Meza isiyojua mwenye mkono haiwezi kujibu. Ndiyo maana mimi naiheshimu zaidi meza iliyotangulia, iitwayo DiamondTouch, ambayo Paul Dietz na Darren Leigh waliieleza mwaka 2001 katika maabara ya Mitsubishi huko Marekani. Chini ya uso wake zimetandazwa nyaya nyingi nyembamba, kila moja ikitoa ishara yake ndogo ya umeme. Mtu akigusa, ishara hupita mwilini mwake hadi kwenye kiti alichokalia, na kila kiti kina kipokezi chake. (Umeme huo ni mdogo mno, mtu hausikii kabisa.) Hivyo meza hujua mahali palipoguswa na kiti cha aliyepagusa.

Kuna na meza ambazo watu hawagusi picha tu, bali hushika vitu. Hiroshi Ishii na wanafunzi wake, katika chuo cha MIT, walianza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1997. Mfano wao niupendao ni ule uitwao Urp, wa mwaka 1999, alioutengeneza John Underkoffler pamoja na Ishii kwa ajili ya wapangaji wa miji. Waweka mezani vijumba vidogo, na kompyuta inachora kivuli cha kila kimoja. Wageuza saa iliyopo mezani, jua linasogea, na vivuli vinarefuka. Sasa mwenye kutaka kujenga ghorofa na jirani yake wanasimama pande mbili za meza, na wote wawili waona kivuli kikiangukia ua wa jirani. Jirani hana haja ya kuomba kipanya. Ananyosha mkono na kukisogeza kijumba.

Kwa sisi tuliokua tukitazama bao, jambo hili si geni. Mbao zetu za bao, na za omweso katika Uganda, zina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake, lakini hakuna lililofichika, hata kwa watazamaji waliosimama nyuma. Tena kete haina juu wala chini, kwa hiyo aketiye upande huu haoni bora kuliko aketiye upande ule.

Hapo ndipo meza ya kompyuta hushikwa na shida, maana maandishi yana juu na chini. Watengenezaji wa kwanza walifikiri kwamba yatosha kompyuta kumgeuzia kila mtu karatasi yake. Lakini watafiti wa Kanada waliotazama watu wakifanya kazi juu ya meza za kawaida walionyesha, mwaka 2003, kwamba kugeuza karatasi ni aina ya usemi. Karatasi niliyoielekeza kwangu ni yangu. Nikiigeuza kidogo kuelekea kwako, nimekukaribisha. Mashine ikigeuza yenyewe, usemi huo hupotea. Mwaka 2004 Stacey Scott na wenzake waliongeza kwamba watu huigawa meza bila kuambiana: pahali pa kila mtu mbele yake, pahali pa wote katikati, na pahali pa kuweka vitu vya akiba. Kwa hiyo haifai kuweka vifungo vyote upande mmoja, kwa sababu atakayekaa upande huo atakuwa mkubwa wa meza hata kama hakuchaguliwa. Wenye Reactable, meza ya kupigia muziki iliyoanzwa Barcelona mwaka 2003, waliifanya ya mviringo, isiwe na kichwa.

Meza hizi zilikuwa ghali, na shule chache zilizinunua. Lakini fundisho lake lilifika mahali pasipo meza. Mwaka 2006 Udai Singh Pawar na wenzake, watafiti wa Microsoft huko India, walieleza walivyofunga vipanya kadhaa katika kompyuta moja, kila mtoto na kishale chake cha rangi yake. Mwaka 2007 walitoa habari za jaribio la watoto 238 wa vijijini, waliojifunza maneno ya Kiingereza. Kwa jumla, watoto watano wenye vipanya vitano mbele ya skrini moja walijifunza sawa na mtoto aliyekuwa na kompyuta peke yake. Tena walijaribu kanuni mbili: moja ya kushindana, na nyingine ya kushirikiana. Vipanya vilikuwa vile vile, lakini matokeo yalitofautiana sana, katika masomo na hata katika mwenendo wa watoto.

Mwenye kutaka kujaribu hana haja ya kungoja meza inunuliwe. Tandika karatasi kubwa ya manila juu ya meza, chora ramani ya shule, kisha kata vipande vidogo viwe mabweni, madarasa na jiko. Waweke wenzako wanne, kila mmoja upande wake, wakubaliane wapi pajengwe bweni jipya. Wewe usicheze. Kaa kando na daftari, uandike nani alisogeza kipande cha nani, nani aliigeuza karatasi, na nani hakunyosha mkono hata mara moja. Halafu badili jambo moja tu, mathalani mpe kila mmoja vipande vya rangi yake, na uwaanzishe upya.